Risasi za Januari

Jumanne, 1 Juni 2004

Nimefedheheka! Risasi kumi, na hata moja haikugusa weusi wa shabaha. Zote zimepanda juu, zimejipanga kwenye ukingo wa karatasi kama kunguru juu ya waya. Shemegi yangu Asaad, kaka yake mke wangu, akaja na darubini yake, akatazama kwa raha zake, kisha akaniuliza mbele ya klabu nzima kama leo nnawinda ndege.

Watu wakacheka. Hata wale ambao huwa hawaelewi Kiswahili cha Asaad.

Khabari yenyewe ni hii. Klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Maskati inapeleka watu wanne kwenye mashindano ya Nizwa mwisho wa mwezi. Watatu wameshateuliwa. Nafasi iliyobaki ni moja, na wanaoigombea ni wawili, mie na Asaad. Alkhamisi ya wiki ijayo tunapambana asubuhi, risasi kumi kumi, na Salem, kapteni wa klabu, ataamua. Miaka yote Nizwa nnakwenda mie! Tangu nistaafu Idara ya Maji sina pahala pengine pa kuvalia kilemba changu kizuri. Nikikosa Nizwa nifanye nini? Nikae barazani nihesabu magari?

Na sielewi. Bunduki ile ile. Jicho lile lile. Risasi nilizozijaza upya kwa mikono yangu mwezi wa Januari kwenye karakana ya klabu, ganda moja moja, fataki mpya ya kuwashia, baruti nimeipima kwenye mizani punje kwa punje. Januari zilikwenda katikati kama zimeitwa. Leo zinaparamia mbingu.

Nimerudi na Asaad ndani ya gari langu, kwa sababu lake bovu, na kwa sababu nyumba yake na yangu ziko ukuta kwa ukuta. Njia nzima mpaka nyumbani Al Khoudh anapiga mluzi. Nimeongeza sauti ya redio. Akapiga mluzi wa redio.

Jumatano, 2 Juni

Nimejua! Si jicho. Ni joto!

Nimemfuata Salem karakanani. Salem alikuwa jeshini miaka mingi, mtu mzuri, ila ukimuuliza jambo atalianza tangu siku lilipoumbwa. Nikamvumilia. Akaniambia baruti ina tabia kama watu. Ikipata joto inaungua haraka, inasukuma kwa nguvu, risasi inatoka mtutuni mbio kuliko kawaida, inafika kwenye shabaha kabla haijashuka, basi inapiga juu. Ikipoa inaungua kwa uvivu, risasi inachelewa, inapiga chini. Ziko baruti zinazostahamili na ziko zisizostahamili. Hii yangu, akasema, ni katika zile zenye hasira sana. Mie niliichagua kwa sababu ya uzuri wa kopo.

Sasa kila kitu dhahiri. Januari nilipozijaza na kuzijaribu risasi hizi nilikuwa nimevaa sweta. Leo gari limekaa uwanjani, usukani haushikiki.

Salem akasema dawa ni nyepesi, nikitengeneze kilengeo cha bunduki, nikiteremshe kidogo, nimemaliza. Lahaula! Hiyo ni dawa ya kila mtu. Na kila mtu akiijua, Asaad ataijua. Mpaka sasa Asaad hana elimu hii. Yeye kiangazi analenga chini kidogo, kwa mazoea tu, alivyofunzwa na marehemu baba mkwe, aliyetuachia bunduki mbili za Kiingereza, za zamani, ndugu pacha, moja kwa mwanawe na moja kwangu.

Mie sitaihamisha bunduki yangu kuifuata Juni. Mie nitaileta Januari Juni!

Salem akasema kuna jambo la pili kuhusu joto, na ndilo kubwa zaidi. Nikamwambia nimeshaelewa, Mungu akuweke. Nikaondoka. Mtu huyu ukimwacha atafika mpaka vita vya zamani.

Alkhamisi, 3 Juni

Nimezitia risasi kwenye friza.

Nilingoja mke wangu Khole aende kwa shoga yake Mahbuba. Friza imejaa sambusa za wageni wa binti yetu Atheer, anaewaalika wenziwe wa chuo kikuu. Nikaingiza sanduku langu chini kabisa, nikalifunika kwa sambusa, pazuri, halionekani.

Halionekani kwangu. Atheer alipokwenda kutoa sambusa akalikuta, akadhani ni halwa aliyoificha mama yake, akalipeleka sebuleni, akalifungua mbele ya wasichana sita. Mayowe! Nilikuwa nimelala nikaruka kitandani nikidhani paa limeanguka. Mmoja wao amempigia simu baba yake aje kumchukua.

Atheer akiwa na ghadhabu husema Kiarabu kitupu, haraka haraka. Khole aliporudi akanisomea kwa Kiswahili yale yale, polepole, ili yaniingie. Akauliza ni mume gani anaeweka risasi pamoja na chakula cha watu. Nikasema ni suala la elimu. Akasema elimu hiyo nikalale nayo barazani.

Risasi nimezirudisha frizani alipokwenda kuoga.

Ijumaa, 4 Juni

Khasara tupu.

Baada ya Alasiri nilikwenda uwanjani na risasi zangu, nimezifunga kwenye taulo, baridi inanichoma vidole. Nikalala kifudifudi, nikavuta pumzi, nikapiga. Mchanga ukaruka mbele ya shabaha. Nikapiga tena. Mchanga. Ya tatu ikapiga mguu wa ubao.

Asaad akaja na darubini yake. Akauliza kama leo nnawinda nge.

Si hayo tu. Risasi zilipotoka kwenye taulo zikaanza kutoka jasho kama mtu mwenye homa. Maji yanatiririka kwenye shaba. Salem akaniona, akanipokonya, akasema chuma chenye maji hakiingii mtutuni mbele yake yeye. Akazinusa. Akauliza mbona zinanuka kitunguu.

Halafu akasema, Msellem, njoo nimalizie lile jambo la juzi. Nikamwambia siku nyengine. Nnaona wazi anataka kunikawiza ili Asaad afanye mazoezi peke yake.

Jumamosi, 5 Juni

Nimetafakari kutwa. Kosa si wazo, ni kipimo! Friza si Januari ya Maskati. Friza ni Urusi. Mie nnahitaji ubaridi wa wastani, ule wa asubuhi ya kuvaa sweta.

Nimezihamishia risasi kwenye chumba cha stoo. Nimewasha kiyoyozi mpaka mwisho, nimefunga mlango, nimeziba chini kwa kanga ya Khole. Kitaendelea usiku kucha. Nnahisi nimeshafika Nizwa.

Jumapili, 6 Juni

Kiyoyozi kimekufa. Kimeota barafu kama ndevu, kikakohoa, kikanyamaza. Maji yametapakaa mpaka kwenye mchele.

Akaja fundi kutoka mtaa wa Ghala, kijana wa Kenya, jina lake Fidel. Akafungua, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mzee, hii mashine umeitesa." Kisha akaona sanduku limekaa peke yake juu ya kiti, limefunikwa blanketi, katikati ya chumba. Akauliza ni nini hicho nnachokipoesha. Nikasema dawa. Ndilo lililonijia.

Fidel akaingia huzuni. Akasema hata mamake kule Kisumu ana sukari, na insulini haitaki kugandishwa hivyo, inaharibika. Akanipa pole kwa mikono miwili. Hapo ingekwisha. Lakini alipokuwa akitoka akamwambia Khole kwa upole sana amwangalie mzee, sukari si mchezo.

Khole alikuja mbio, macho yamejaa machozi, akaniuliza tangu lini nnaumwa na kwa nini nimemficha. Ningefanyaje? Niseme ukweli nilale tena barazani? Nikasema si kubwa. Ni ndogo tu, inaanza.

Chai ya jioni haikuwa na sukari. Halwa imefungiwa kabatini, na ufunguo kauweka kifuani.

Jumatatu, 7 Juni

Leo nimefaulu! Naandika kwa herufi kubwa moyoni.

Jana usiku nimetoa lile deli letu la kuchukulia vinywaji pwani. Chini barafu, juu ya barafu taulo nene, juu ya taulo sanduku, juu ya sanduku taulo jengine. Kipimajoto cha homa hakikunifaa, kwake yeye kila kitu ni maiti. Atheer akaniazima cha maabara, kwa sharti nisikaribie tena friza. Nikaongeza taulo, nikapunguza barafu, nikaongeza taulo. Mwisho ikatulia pale pale penye Januari!

Alfajiri nikaenda uwanjani peke yangu. Nikapiga tatu. Zote katikati ya weusi, zinabusiana! Nikasujudu mchangani.

Nilipoinua kichwa, nani? Asaad, kaletwa na rafiki yake. Hakuniona. Akalenga chini kidogo, kwa ile mila yake isiyo na elimu yoyote, akapiga tano. Nikatazama kwa darubini. Zote kwenye weusi. Zote! Si nzuri kama zangu, lakini ziko.

Sasa mie nimefanya nini wiki nzima? Nimelala barazani, nimeua kiyoyozi, nnakunywa chai chungu, ili nilingane na mtu anaekisia tu?

Jumanne, 8 Juni

Nimeamua. Haitoshi mie kuwa mzuri. Lazima Asaad awe mbaya.

Na njia imejileta yenyewe! Alkhamisi anakwenda uwanjani na gari langu. Sanduku lake la risasi litakuwa garini mwangu. Tutafika mapema, yeye ana desturi ya kwenda kusalimiana na kila mtu, mmoja mmoja, na kuuliza khabari za watoto na mbuzi. Mie nitaliweka sanduku lake juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, jua linapopiga. Khole hukaushia pilipili pale pale.

Yeye atalenga chini kidogo kama kawaida, kwa joto la kawaida. Lakini risasi zitakuwa na joto la tanuri! Zitapita juu ya ubao, zitakwenda zao mlimani. Na mie, na Januari yangu kwenye deli, nitapiga katikati.

Si dhambi. Sigusi kitu chake. Nnakiweka tu mahali penye mwangaza.

Jumatano, 9 Juni

Salem ameitisha kikao baada ya Magharibi, mambo ya usalama. Sikwenda. Usalama naujua. Nilikwenda Mawaleh, sokoni kwenye matunda, kutafuta barafu ya vipande vikubwa kwa yule anaewauzia wenye mboga, isiyoyeyuka haraka. Nikanunua na tikiti maji, nikamwambia Khole deli ni la tikiti. Akaniuliza tikiti lina sukari kiasi gani. Nikasema silili mie. Nnalibeba tu.

Asaad katoka kikaoni, kaja moja kwa moja kugonga mlango, ati ana ujumbe wangu kutoka kwa Salem kuhusu risasi na jua. Nikajibu kutoka ndani kwamba nimelala. Akasema kama nimelala nnajibuje. Nikakoroma.

Alkhamisi, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumefika uwanjani jua likiwa limeshakaza. Asaad akashuka, akaanza salamu zake. Nikaliweka sanduku lake juu ya dashibodi, nikaligeuza upande wa maganda ya risasi uelekee jua, nikafunga madirisha yote. Nikachukua deli langu, nikakaa kivulini. Moyo mweupe! Nilikuwa nnaimba ndani kwa ndani.

Tukakaa muda mrefu. Walichelewa kusimamisha mbao. Mie nnafurahia kila dakika. Kisha Salem akatuita, akasema kwa sababu wako waliokosa kikao cha jana (akanitazama), atarudia neno moja tu.

Akasema, "Jamaa, hii ni Juni. Msiache risasi juani. Risasi ya joto haipandi juu tu. Nguvu ndani ya ganda inazidi. Risasi zilizojazwa mpaka karibu na mwisho wa kipimo, ukiziunguza, huenda zikapasua ganda, komeo la bunduki likagoma, moshi na vipande vikakurudia usoni. Nimemwona mtu jeshini amepoteza jicho. Jicho la kulengea."

Hili ndilo jambo la pili! Siku zote hizi alikuwa analo, na mie nnamkimbia!

Nikakumbuka Asaad anavyojaza. Asaad hajui kujaza kidogo. Wali, chai, baruti, chake ni kile kile, mpaka ukingoni.

Nikaruka. Sijapiga mbio hivyo tangu skuli Unguja. Nikafika kwenye gari, nikatazama dashibodi. Sanduku halipo!

Nikageuka. Asaad keshalichukua. Yule pale, kalala kifudifudi kwenye mkeka, bunduki ya marehemu babake begani, sanduku wazi pembeni yake, mkono unakwenda kwenye risasi ya kwanza. Ndiye wa kwanza kupiga. Na mie niko mbali, na kilemba kimeniangukia machoni.

"Asaad! Usipige! Asaad!"

Nikaanguka juu yake. Nasema kweli, nikaanguka juu yake mzima mzima, tumbo langu kwenye mgongo wake. Nikalisukuma sanduku mbali kwa mkono. Lilikuwa la moto kama chapati inayotoka kwenye chuma.

Klabu nzima inatazama. Salem akauliza kuna nini.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Lakini nilimwona Salem na wazee wote wamesimama, nikaona kilemba changu kiko mchangani. Nikasema kilichonijia.

"Nataka atumie risasi zangu."

Asaad akageuka akanitazama. "Zako? Na wewe?"

"Zangu ni nzuri kuliko zako. Nimezitunza. Chukua."

Nikalifungua deli, nikatoa Januari yangu, kavu, baridi ya wastani, nikampa yote mkononi mwake. Kumi. Sina nyengine, zilizobaki ziko nyumbani. Na kwa kuwa yule mtu ana mila yake ya kulenga chini, na angepiga mchanga kama mie Ijumaa, ikabidi, Mungu wangu, ikabidi niiname sikioni mwake nimnong'oneze, "Leo usilenge chini. Lenga moyoni kabisa."

Mtu mzima machozi yakamtoka. Akasema kwa sauti, wote wakasikia, "Tangu Baba atangulie mbele ya haki, hakuna aliyenipa risasi yake." Akanibusu kwenye paji la uso. Kisha akalala, akapiga.

Kumi. Zote katikati. Tundu moja, limechanika chanika kama limeliwa na panya. Salem akasema hajapata kuona karatasi kama ile tangu klabu ifunguliwe.

Elimu yangu! Taulo langu! Barafu yangu!

Halafu Salem akaniita mie. Zamu yangu. Akasema nitumie za Asaad, bunduki zenyewe ndugu, haki kwa haki. Asaad mwenyewe akaniletea sanduku, anachechemea kidogo kwa sababu ya mgongo. Nikaligusa. Bado la moto. Nikamwangalia Salem. Nikasema jicho langu lina mchanga.

Salem akauliza kama nataka kuosha. Nikasema mchanga wenyewe ni wa ndani.

Basi. Asaad anakwenda Nizwa.

Nyumbani Khole alinipikia chakula kizuri, akangoja nimalize. Kisha akasema Asaad kamsimulia kila kitu, analia na kucheka, na amesema sanduku lake lilikuwa juu ya dashibodi, alipolichukua likamchoma, akadhani mie nimelisahau, akaona litapoa tu kivulini. Akaniuliza kama nililisahau.

Nikasema jua la Juni linafika kila pahala.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akakunja kitambaa cha meza, akasema, "Msellem, mie nna ndugu mmoja na mume mmoja. Sina wa akiba. Usinipeleke makaburini kwa ajili ya karatasi yenye matundu." Kisha akanitilia vijiko viwili vya sukari kwenye chai bila ya kuuliza. Kumbe uwongo wangu wa sukari alishaujua siku nyingi!

Chai ilikuwa tamu. Sikuweza kuimaliza.

Ijumaa, 11 Juni

Asaad katuita kwake kwa biriani baada ya sala. Watu wa klabu wote wapo. Asaad akasimama na sinia mkononi, akasimulia tena, na kila akisimulia mie nnakuwa mwema zaidi. Sasa nimeruka vikwazo viwili na nimemkinga kwa kifua changu. Wazee wananipiga bega. Mmoja ataka nimsuluhishie ugomvi wa shamba, ati mtu mwenye roho kama yangu hapatikani.

Wanaudhi! Wananisifu kwa jambo nisilolifanya, na lile nililolifanya, zile risasi, ubaridi, kipimo, hakuna anaelisema! Nikajaribu kumweleza Salem habari ya deli na taulo. Akafurahi mno. Akasema basi Nizwa nitakwenda, nami nitashika deli la klabu.

Nitashika deli!

Akaongeza kwamba nitakuwa pia mtu wa akiba. Mmoja wa wale wanne akiugua au akichoka, mie nitapiga mahali pake.

Nilipokuwa nnanawa mikono nimelifikiri hilo neno. Akichoka.

Jumapili, 13 Juni

Nimeahidi kwa Khole, na nimeahidi kwa Mungu, risasi za mtu sitazigusa, wala joto lake wala baridi yake. Hayo yamekwisha. Mie na Asaad ni ndugu. Sina kinyongo hata punje.

Ndiyo maana nimemtafutia zawadi. Ndugu wakipatana lazima pawe na zawadi. Nimekwenda mpaka kwenye mabanda ya kuku kuchagua mwenyewe, nimezunguka asubuhi nzima. Nimepata jogoo. Jogoo wa ajabu! Shingo kama bomba, rangi ya moto, na muuzaji kaniapia kwamba anaanza kuwika saa saba za usiku, kila baada ya muda mfupi, hasiti mpaka jua lipande. Watu watatu wameshamrudisha.

Asaad anapenda ufugaji. Hawezi kuikataa zawadi yangu, hasa sasa, baada ya biriani ile. Atamweka uani, upande wa pili wa ukuta wetu. Usiku wa kwanza atavumilia, wa pili atavumilia. Mtu asiyelala wiki mbili hawezi kushika bunduki ikatulia. Mwenyewe atamwambia Salem amechoka. Na sina dhambi, maana nimetoa zawadi tu, na jogoo kuwika ni kazi yake aliyoumbiwa.

Nimemweleza Khole nusu tu, nusu ya zawadi. Sikuona sababu ya kumchosha na iliyobaki. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza kama nakumbuka dirisha la chumba chetu cha kulala linafungukia wapi.

Mtu unamletea jambo la heshima na upendo, yeye anauliza madirisha! Jogoo analetwa kesho alfajiri.